Stesheni ya Namasagali: Reli, Maji na Kiswahili cha Kazi Nchini Uganda, 1912–1962

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya stesheni ya Namasagali, iliyokuwa mwisho wa Reli ya Busoga na wakati huohuo bandari ya meli za Ziwa Kyoga, tangu ilipofunguliwa mwaka 1912 hadi ilipoachwa mwaka 1962. Maelezo yaliyozoeleka yanadai kwamba mji huu uliuawa na mafuriko. Makala inaonesha kwamba mafuriko yalikamilisha tu jambo lililokwisha kuamuliwa na ramani ya reli kwa zaidi ya miaka thelathini. Namasagali iliishi kwa sababu njia ya usafirishaji ilikatika hapo, na shehena ikalazimika kushushwa, kuhesabiwa na kupakiwa upya. Kazi hiyo ndiyo iliyowakutanisha watu wa lugha nyingi na kukipa Kiswahili nafasi ya lugha ya kazi. Njia ilipounganishwa kwingine, stesheni ilipoteza sababu ya kuwapo. Makala inahitimisha kwa kueleza maana ya historia hiyo kwa miji inayokua leo katika vituo vya muda vya reli mpya, na kwa sera ya Kiswahili nchini Uganda.

1.0 Utangulizi

Historia ya reli katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata njia kuu. Msomaji hupewa Mombasa, Nairobi, Kisumu na Kampala, na huelezwa madaraja, gharama na magavana. Stesheni ndogo hutajwa kama nukta katika orodha ya vituo. Mtindo huo una hasara mbili. Kwanza, unaficha ukweli kwamba kwa wakazi wengi wa vijijini reli ilikuwa stesheni: gati, ghala, dirisha la tikiti, mizani na karani. Pili, unawanyima watafiti wa lugha mahali pa kuchunguza namna Kiswahili kilivyotumika kazini, nje ya darasa na nje ya ofisi ya serikali.

Namasagali ni mfano unaofaa kurekebisha hasara hizo. Mji huu uko katika wilaya ya Kamuli, kwenye ukingo wa mashariki wa Naili ya Victoria, upande wa kaskazini wa Busoga. Kwa nusu karne ulikuwa mahali ambapo reli iliishia na safari ya maji ikaanza. Leo hauna garimoshi wala meli. Anayeuliza sababu huambiwa kwamba maji yalipanda na bandari ikazama. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, na kutotosha kwake kuna madhara. Mji ukidhaniwa kuwa uliuawa na maji, hakuna wa kuulizwa wala la kujifunza. Ikidhihirika kwamba ulikwisha kudhoofishwa na maamuzi ya watu, historia yake inakuwa onyo kwa wanaofanya maamuzi ya namna hiyo leo.

2.0 Kwa nini reli iliishia Namasagali

Reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilifika Kisumu mwaka 1901. Pamoja na jina lake, haikuwa imegusa ardhi ya Uganda kama inavyojulikana leo. Kutoka Kisumu, watu na shehena walivushwa kwa meli za Ziwa Victoria hadi Entebbe, Port Bell na Jinja. Maeneo ya kaskazini mwa ziwa hilo, yaani Busoga ya ndani, Teso na Lango, yalibaki mbali na njia ya kuelekea pwani, na mzigo ulibebwa kwa vichwa vya wapagazi.

Pamba ndiyo iliyobadilisha hesabu. Zao hilo lilianza kuenezwa kwa wakulima wa Uganda katika miaka ya 1903 na 1904, na Gavana Hesketh Bell akaiweka pamba katikati ya mipango ya uchumi wa himaya. Ardhi ya mashariki ilifaa kwa kilimo hicho, lakini robota la pamba ni zito kwa kichwa cha mpagazi, na bei yake haikuweza kubeba gharama ya safari ndefu ya miguu. Aidha, Busoga ilikuwa katika maafa. Ugonjwa wa malale uliozuka mwanzoni mwa karne uliangamiza watu zaidi ya laki mbili katika mwambao wa kaskazini wa ziwa na visiwa vyake, na serikali ikawahamisha waliosalia kutoka kando ya maji. Nguvukazi ya kubeba mizigo ilikuwa haba katika eneo lilelile ambalo serikali ilitaka litoe mazao.

Mto wenyewe ulikuwa njia, lakini si wote. Kuanzia Jinja, Naili ilishuka kwa maporomoko na mawe ambayo hayakuruhusu chombo kupita salama. Baada ya hapo mto hutulia, hupanuka na kuingia Ziwa Kyoga, ambalo matawi yake yenye kina kifupi yanapenya Teso, Lango na Bunyoro. Suluhisho lilikuwa kujenga reli fupi ya kuipita sehemu ya maporomoko peke yake, kisha kuuachia mto kazi iliyobaki. Winston Churchill, aliyepita Uganda mwaka 1907, aliandika katika kitabu chake cha safari kilichotoka mwaka 1908 kuhusu haja ya kuunganisha Ziwa Victoria na Ziwa Albert kwa reli na maji. Reli ya Busoga ilikuwa utekelezaji wa sehemu ya wazo hilo. Ilikuwa na urefu wa maili 60 hivi, kutoka Jinja kupitia Mbulamuti hadi Namasagali, na ilifunguliwa mwaka 1912.

Ni muhimu kuzingatia sababu hiyo. Namasagali haikuchaguliwa kwa kuwa ilikuwa soko kubwa la zamani, makao ya mtawala au njia panda ya misafara. Ilichaguliwa kwa sababu hapo ndipo mto ulipokubali meli. Uhai wake wote ulitegemea kukatika kwa njia: garimoshi halikuweza kuendelea mbele, na meli haikuweza kurudi nyuma zaidi. Mahali pa namna hiyo hufaidika kwa kuwa kila mzigo lazima usimame. Pia ni mahali ambapo mhandisi yeyote, akipewa fedha, atataka pasiwepo, kwa sababu kila kusimama ni gharama.

3.0 Stesheni na bandari kazini

Stesheni ya Namasagali haikufanana na stesheni za kawaida za njiani, ambapo garimoshi husimama kwa dakika chache na kuondoka. Reli ilifika hadi gatini. Mabehewa yalisogezwa karibu na maji, na shehena ikahamishwa kutoka behewa kwenda meli au kutoka meli kwenda behewa. Meli zenyewe zilikuwa za aina iliyofaa maji ya kina kifupi: pana, zenye gurudumu kubwa la kusukuma maji nyuma, na zenye kukokota matishari ya mizigo. Miongoni mwake zilikuwamo meli zilizopewa majina ya wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19, kama vile Speke, Grant na Stanley.

Kwa upande wa ziwa, Namasagali ilihudumia bandari ndogo za Teso na Lango, kama Bugondo na Kachung, ambako pamba ilikusanywa, na Masindi Port upande wa magharibi. Kutoka Masindi Port barabara ilipanda hadi Masindi na kuteremka bonde la ufa hadi Butiaba katika Ziwa Albert. Butiaba nayo ilikuwa na meli zilizokwenda ng'ambo ya pili, katika bandari za Kongo iliyotawaliwa na Ubelgiji kama Mahagi na Kasenyi, na nyingine zilizoshuka Naili ya Albert hadi Nimule. Kutoka Nimule msafiri alifuata barabara hadi Juba, kisha meli za Sudan hadi Khartoum. Kwa hiyo stesheni ya kijiji hiki ilikuwa kiungo katika njia iliyoanzia Bahari ya Hindi na kuweza kumfikisha mtu Bahari ya Kati. Watalii walioifuata njia hiyo walilala melini na kupita Namasagali bila kuijua. Wakulima wa pamba hawakuwahi kuona Khartoum, lakini waliijua Namasagali vizuri.

Mapato ya stesheni yalifuata msimu. Pamba ilipovunwa na kupita katika vinu vya kuchambulia, marobota yalimiminika, na gati likahitaji mikono mingi kwa miezi michache. Msimu ulipokwisha, kazi ilipungua. Kwa njia ya kurudi, garimoshi lilileta vitambaa, chumvi, majembe, mafuta ya taa na bidhaa nyingine za dukani. Wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi walifungua maduka kando ya reli na katika miji iliyoizunguka. Nanji Kalidas Mehta, aliyekuja kuwa miongoni mwa wenye viwanda wakubwa wa Uganda, alikuwa na duka Kamuli katika miaka yake ya mwanzo ya biashara.

4.0 Kiswahili cha gatini na mjadala wa Entebbe

Ukitazama ramani ya lugha ya eneo lililohudumiwa na Namasagali, jambo moja hujitokeza mara moja. Wenyeji wa mahali pale walizungumza Kisoga, lugha ya Kibantu iliyo jirani sana na Kiganda. Pamba ya ng'ambo ya ziwa ilitoka kwa wasemaji wa Kiteso na Kilango, ambazo ni lugha za Kinailoti. Magharibi kulikuwa na Kinyoro. Mafundi na makarani wengi wa reli katika miongo ya mwanzo walikuwa na asili ya Bara Hindi, na baadaye idadi ya wafanyakazi kutoka magharibi mwa Kenya, wakiwemo Waluo na Waluhya, iliongezeka katika reli za Uganda. Wakubwa wa juu walikuwa Waingereza. Hakuna lugha moja ya asili ya eneo hilo iliyoweza kuwahudumia watu hao wote.

Kiswahili kiliziba pengo hilo, na si Namasagali tu. Nchini Uganda, reli ilikuwa moja ya taasisi tatu, pamoja na jeshi na polisi, ambamo Kiswahili kilikuwa cha kawaida. Sababu yake ni ya kikazi. Mzigo ukishushwa, lazima uhesabiwe. Ukihesabiwa, lazima watu wawili wakubaliane juu ya idadi. Ukipakiwa, lazima anayetoa amri na anayeipokea waelewane kabla kamba haijakatika. Lugha ya namna hiyo haihitaji utenzi wala sarufi ya mwalimu. Inahitaji namba, majina ya vitu, vitenzi vya kazi na maneno ya heshima ya kutosha kuzuia ugomvi. Kiswahili kilichoingia na reli kutoka pwani, kikiwa kimepitia midomo ya wengi, kilikuwa na vyote hivyo.

Wakati huohuo, mjadala wa namna nyingine ulikuwa ukiendelea ngazi za juu. Mwaka 1927 Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Pendekezo lilipingwa vikali. Kabaka Daudi Chwa aliandika mwaka 1929 kulipinga kwa niaba ya Buganda, na viongozi wa makanisa, ambao walikuwa wamewekeza katika vitabu na shule za Kiganda, hawakulikubali. Hofu ilikuwa kwamba Kiswahili kingeifungulia njia mipango ya kuiunganisha Uganda na Kenya, nchi ya walowezi, na kwamba lugha ya Kabaka ingeshushwa hadhi. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa mashuleni.

Tofauti kati ya mijadala hiyo na gati la Namasagali inafaa kuzingatiwa. Waliopendekeza na waliopinga walikiona Kiswahili kama bendera: nani atakibeba, na kitapandishwa juu ya nani. Gatini Kiswahili kilikuwa chombo, sawa na toroli au mizani. Hakuna aliyeombwa kuacha lugha yake ya nyumbani ili akitumie. Jioni mpakizi alirudi kwenye Kisoga, Kiteso au Kijaluo chake. Hata hivyo, hali hiyo ilikuwa na udhaifu uliokuja kudhihirika baadaye: lugha iliyoshikiliwa na kazi peke yake huondoka kazi inapoondoka. Na kwa kuwa iliingia kwa amri za bosi na sare za askari, wengi waliikumbuka kama lugha ya kuamrishwa.

5.0 Njia inapounganishwa: 1928 hadi 1931

Mwaka 1928 reli mpya kutoka Nakuru, kupitia Eldoret na Tororo, ilifika Mbulamuti na kuungana na Reli ya Busoga. Kwa mara ya kwanza behewa liliweza kutoka Namasagali hadi Mombasa bila mzigo wake kuvushwa kwa meli za Ziwa Victoria. Kwa juujuu, hiyo ilikuwa neema. Shehena ya Namasagali ilikuwa imepunguziwa vituo viwili vya kushusha na kupakia, Jinja na Kisumu.

Ila mantiki iliyoifaidi Namasagali mwaka huo ndiyo iliyoanza kuidhoofisha mwaka uliofuata. Ikiwa kuondoa kituo cha kuhamishia shehena kunaokoa fedha Kisumu na Jinja, kwa nini kisiondolewe kituo cha ziwa Kyoga pia? Mwaka 1929 tawi la reli lilijengwa kutoka Tororo hadi Soroti, katikati ya Teso. Pamba iliyokuwa ikivuka ziwa kwa matishari ilipata njia ya nchi kavu hadi Mombasa. Mwaka 1931 daraja la Naili lilikamilika Jinja, na garimoshi likafika Kampala. Njia kuu ya Uganda sasa ilielekea magharibi, na sehemu ya Mbulamuti hadi Namasagali ikawa tawi.

Hatua hizo hazikuiua bandari mara moja. Lango bado ilihitaji meli, na Masindi Port iliendelea kuwa mlango wa Butiaba na Kongo. Kwa miongo mitatu zaidi meli zilienda na kurudi. Hata hivyo, hadhi ya stesheni ilikuwa imebadilika. Hadi mwaka 1928 Namasagali ilikuwa mwisho wa njia pekee; baada ya mwaka 1931 ilikuwa mwisho wa njia mojawapo, iliyo ndefu kwa saa na ghali kwa mikono. Mbulamuti nayo, iliyotukuka kwa kuwa makutano, haikusalimika: baadaye reli kuu ilinyooshwa kati ya Bukonte na Jinja, na mji huo ukaachwa kando.

6.0 Mafuriko ya 1961 na 1962

Mvua za mwishoni mwa mwaka 1961 zilikuwa kubwa mno katika eneo zima la maziwa. Ziwa Victoria lilianza kupanda, na kufikia katikati ya mwaka 1964 kina chake kilikuwa kimeongezeka kwa zaidi ya mita 2. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, lilitakiwa kwa makubaliano kuachia maji kwa kiasi ambacho mto ungepitisha wenyewe; hivyo ziwa lilipopanda, maji mengi zaidi yaliachiwa kuelekea Kyoga. Kyoga ni ziwa la kina kifupi lenye kingo tambarare, na ongezeko la mita moja tu huhamisha ukingo mbali sana. Magati yalifunikwa. Mafunjo yaling'oka na kuelea kama visiwa, yakizuia njia za meli. Mwaka 1962 huduma za meli katika Ziwa Kyoga zilisimamishwa, na za Ziwa Albert pia. Namasagali, Masindi Port na Butiaba zilianguka pamoja, kwa kuwa kila moja ilikuwa haina maana bila wenzake.

Hapa ndipo maelezo ya kawaida huishia. Lakini kalenda ya reli inasema jambo jingine. Reli kutoka Soroti ilifika Lira mwaka huohuo wa 1962, ikafika Gulu mwaka 1963 na Pakwach mwaka 1964. Reli ya namna hiyo haipimwi, haigharimiwi na kujengwa ndani ya miezi michache ya mafuriko. Uamuzi wa kuipeleka kaskazini ulikuwa umekwisha kufanywa wakati magati bado ni makavu. Lira iliondoa shehena ya Lango mikononi mwa meli, na Pakwach iliondoa haja ya kupita Masindi Port na Butiaba kwenda Naili ya Albert. Hata kama mvua ya mwaka 1961 isingenyesha, Namasagali isingekuwa na mzigo wa kutosha.

Mafuriko yalibadilisha kasi na namna ya mwisho huo. Mji ambao ungedhoofika kwa miaka kumi ulikatika kwa mwaka mmoja. Pia yaliiondolea mamlaka ya reli, wakati huo ikiwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki, mzigo wa kujieleza. Bandari zilizoharibiwa zingeweza kujengwa upya mahali pa juu zaidi lau kungekuwa na sababu ya kibiashara. Hazikujengwa kwa sababu ramani mpya haikuzihitaji.

7.0 Kilichobaki: majengo na maneno

Vitu viwili vilibaki. Cha kwanza ni majengo. Mwaka 1965 wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill, kwa ushirikiano na uongozi wa Busoga, walianzisha shule ya sekondari mahali hapo, wakitumia nyumba na ghala zilizoachwa. Chuo cha Namasagali kilipata sifa nchini kote, hasa katika sanaa za maonesho. Baadaye eneo hilo likawa na kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. Hivyo mji uliozaliwa na pamba na meli ulinusurika kwa elimu. Huu ni mfano adimu wa majengo ya reli kupata kazi mpya badala ya kuporwa mabati na matofali, na wapangaji wa urithi wa reli wangefaidika kuutazama.

Cha pili ni maneno. Kiganda, na Kisoga kilicho jirani yake, kimehifadhi msamiati wa uchumi ambao Namasagali ilikuwa sehemu yake. Garimoshi kwa Kiganda huitwa *eggaali y'omukka*, tafsiri ya moja kwa moja ya "gari la moshi", ambapo *omukka* ni moshi. Pamba huitwa *ppamba*, meli *emmeeri*, duka *edduuka*, na mshahara *omusaala*. Haifai kudai kwamba maneno haya yote yaliingilia Namasagali. Kiswahili kilifika Buganda na wafanyabiashara wa pwani katika miaka ya 1840, na baadhi ya maneno yalitangulia reli kwa miongo mingi. Dai lililo salama ni dogo zaidi: stesheni na bandari za aina hii zilikuwa mahali ambapo msamiati huo ulisemwa kila siku, na watu wa lugha tofauti, hata ukawa wa wote.

Sarufi inathibitisha kwamba maneno hayo yalipokelewa na kumilikiwa. Katika Kiswahili, gari liko katika ngeli ya LI-YA, ndiyo maana husemwa "gari *la* moshi". Katika Kiganda, *eggaali* imeingizwa katika ngeli inayolingana na I-ZI ya Kiswahili, na upatanisho wake ni *y'omukka*. Lakini *edduuka* imebaki katika ngeli inayolingana na LI-YA, na wingi wake ni *amaduuka*. Msemaji wa Kiganda hakukopa neno pamoja na sarufi yake. Alilishusha, akalipima kwa mizani yake, na kulipakia mahali alipoona panafaa. Maneno yenyewe yalikwisha kupitia mikono mingine. Gari lilitoka Bara Hindi, duka lilitoka Uarabuni kupitia Bara Hindi, na meli ilitokana na neno la Kiingereza la mizigo ya barua. Leo mtoto wa Kamuli hutaja *emmeeri* bila kujua kwamba ametumia neno la Kiswahili, wala kwamba meli ziliwahi kufika karibu na kwao.

8.0 Maana yake kwa sera ya leo

Historia ya Namasagali inawahusu wapangaji kwa namna tatu.

Kwanza, Afrika Mashariki inajenga tena reli kwa vipande. Reli ya kisasa ya Kenya ilifunguliwa kutoka Mombasa hadi Nairobi mwaka 2017 na kusogezwa hadi eneo la Naivasha mwaka 2019. Shehena ya Uganda inayofika hapo hulazimika kuhamishiwa katika reli ya zamani au malori. Mwaka 2024 Uganda ilitia saini mkataba wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala. Kila kipande kinachosubiri kipande kingine huzaa mji wa kuhamishia shehena: maghala, madereva, mama lishe, vyumba vya kupanga, makarani wa forodha. Miji hiyo ni Namasagali za leo. Serikali na manispaa zinapaswa kuwaambia wakazi na wawekezaji mapema kwamba shughuli hizo ni za muda, kupanga majengo yanayoweza kubadilishiwa kazi, na kuweka shughuli nyingine ya kudumu kabla njia haijaunganishwa. Namasagali ilipata shule miaka mitatu baada ya kuachwa, kwa bahati na juhudi za watu wachache. Bahati si mpango.

Pili, Uganda imekipa Kiswahili hadhi kisheria kuliko wakati wowote. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin ilikitangaza kuwa lugha ya taifa, na tangazo hilo liliongeza doa la kijeshi katika sifa yake. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hatua hizo zote zinakiendeleza kutoka juu. Namasagali inakumbusha kwamba Waganda, Wasoga, Wateso na Walango wengi walikutana na Kiswahili kwanza katika kazi, na hawakukikataa pale kilipowasaidia kuhesabu na kulipwa. Mradi wa reli mpya ni fursa ya kuirudisha nafasi hiyo kwa hadhi bora: matangazo ya stesheni, maelekezo ya usalama, mikataba ya vibarua na mafunzo ya mafundi viandaliwe kwa Kiswahili pamoja na lugha za wenyeji. Hapo Kiswahili kitakuwa lugha ya anayelindwa na kuelewa haki yake, badala ya kuwa lugha ya anayeamrishwa.

Tatu, kuna kazi ya utafiti isiyoweza kusubiri. Walioshuhudia meli ya mwisho wakiwa vijana wa miaka ishirini sasa wamevuka miaka themanini. Msamiati wa gati, wa mataruma, wa mabehewa na wa matishari, kama ulivyotumika katika Kiswahili cha Uganda, haumo katika kamusi zilizotungwa Dar es Salaam na Nairobi. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vya Uganda, kwa kushirikiana na kampasi iliyo palepale Namasagali, zina nafasi ya kuukusanya kutoka kwa wazee wa Kamuli, Soroti, Lira na Masindi. Kazi hiyo ifanyike pia ng'ambo ya Ziwa Albert, katika Ituri, ambako Kiswahili cha Kongo kilikutana na Kiswahili cha reli kupitia Butiaba. Bila ushahidi huo, historia ya Kiswahili nchini Uganda itaendelea kuandikwa kama historia ya magavana, makabaka na majenerali.

9.0 Hitimisho

Stesheni ya Namasagali ilifunguliwa mwaka 1912 kwa sababu mto haukuruhusu meli kufika Jinja, na ilifungwa mwaka 1962 wakati reli ilipokuwa tayari imepata njia ya kulizunguka ziwa. Mafuriko yalikuja katikati ya mabadiliko hayo na kubeba lawama yote. Ukweli ni kwamba mji unaoishi kwa kukatika kwa njia huishi kwa muda ambao wenye njia wataridhika na gharama ya kukatika huko. Kiswahili cha gatini kilikuwa na hatima inayofanana: kilistawi palipokuwa na mzigo wa kubeba pamoja, kikafifia mzigo ulipohamia kwingine, na kuacha maneno ambayo wenyeji wameyafanya yao. Watunga sera wanaojenga reli na wanaojenga lugha wana neno moja la kujifunza kutoka kijiji hiki: kitu kinachotegemea sababu moja ya kuwapo kipewe sababu ya pili mapema, kabla ya maji kupanda.